Mwanangu Mkali

Kompyuta ya nyumba ile ilikaa sebuleni, juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya cherehani, na mbele yake hapakuwa na kiti cha kawaida. Palikuwa na kiti cha kinyozi, kile kizito chenye mkanyagio wa chuma, ngozi yake nyekundu imechanika pembeni na kuzibwa kwa gundi. Baba mwenye nyumba alikuwa amewakalisha watu kwenye kiti hicho maisha yake yote, na sasa alikikalia mwenyewe. Kila alipotaka kusema jambo, mkewe alimsaidia kuketi, akakanyaga chuma mpaka kiwiko cha kushoto cha mumewe kikalingana na meza. Hapo mzee alinyoosha kidole kimoja akaanza kuandika.

Watu walimwita Wembe, na hawakumwita hivyo kwa ajili ya kazi tu. Alikuwa na mdomo usiolala. Mteja akitoka dukani kwake na kipara au panki, hilo halikumshughulisha mtu. Walichokifuata pale ni maneno. Waliomjua wanasema mtu aliweza kwenda kunyolewa akiwa hana nywele. Kiti cha pili kilikuwa cha mwenzake aliyeitwa Kimya, kwa sababu mbele ya Wembe hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake. Halafu kiharusi kikaja. Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua ulimi, kikamwachia sauti moja tu, "eh," na akili kikaiacha kama ilivyokuwa. Daktari aliwaeleza hivyo mbele yake, na Wembe akamkodolea macho kwa namna iliyoonyesha kwamba jibu lilikuwepo, tena la kuchekesha, ila mlango wake umefungwa. Kimya akabaki dukani peke yake, ikambidi ajifunze kuzungumza ukubwani.

Aliyeleta kompyuta alikuwa binti yao, mtoto wa pekee. Yeye alifanya kazi katika ofisi kubwa ya bima, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wenzake wasidanganywe na matapeli wa mtandaoni: wasibonyeze kila kiungo, wasiandike nywila zao, yale maneno ya siri, kwenye vikaratasi na kuvibandika ukutani. Wenzake walimwita Nywila, pembeni mwanzoni, kisha mbele yake. Jina lilipomfikia baba yake, tayari mzee alikuwa hawezi kusema, lakini alilipenda kiasi cha kulifanya neno la kwanza aliloliandika kwa kidole.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mateso. Sentensi moja ilichukua muda wa chai kupoa. Kidole cha kushoto hakikuzoea kazi, kilipotea njia, kikitafuta *a* kikatua kwenye *q* iliyo juu yake, na mzee akalazimika kufuta na kuanza upya huku jasho linamtoka. Ila programu ya kuandika ilikuwa na tabia moja nzuri: ilitazama anachoandika na kukikariri. Juu ya mstari palitokea vikasha vitatu, kila kimoja na neno lake, na kadiri siku zilivyokwenda maneno yale yalianza kuwa ya Wembe. Akiandika *nq*, mashine ilijua anataka *na*. Akiandika *mh*, ilimpa *mheshimiwa*, maana kila mteja wake alikuwa mheshimiwa, hata mkojozi. Ilijifunza matani yake, viapo vyake, hata jina la utani la daktari ambalo halifai kuandikwa hapa. Kufikia mwaka wa pili mzee aligusa herufi mbili tatu, akachagua kikasha, akagusa tena, na jibu likawa limetua kabla mgeni hajafunga mdomo. Watu walianza kuja kuvunjika mbavu nyumbani kama walivyokuwa wakienda dukani. Akicheka mwenyewe, upande mmoja wa uso ulicheka na mwingine ukangoja.

Jumamosi ile binti alifika jioni na mkoba wake mzito begani.

"Shikamoo, Baba."

Kidole kiligusa mara chache. *Marahaba mheshimiwa Nywila. Nipekuliwe mfukoni sasa hivi au baada ya chakula?*

Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Binti naye alicheka, lakini si sana, kwa sababu kweli alikuwa na mazoea ya kupekua. Ndiye aliyepiga marufuku chumvi mezani. Ndiye aliyekatakata sigara za baba yake kwa mkasi, moja baada ya nyingine, huku mzee anatazama. Ndiye aliyekataza asipelekwe dukani kukaa na wenzake, akisema kule kuna makelele na kila mtu anakohoa. Alifanya yote hayo kwa mapenzi, na kila alipomaliza kufanya alijisikia mpweke kidogo. Ofisini alikuwa mkali, nyumbani kwake alikuwa mkali, mumewe alikuwa amemwambia hivyo wiki iyo hiyo kwa sauti ya upole iliyouma kuliko kelele. Kwa baba yake alidhani anaeleweka.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana, mzee alilala, Mama akatoka uani kuanua nguo. Nywila alikuwa amesahau chaja ya kompyuta yake ya ofisini, jambo ambalo angemsema mtu mwingine kwa ajili yake, kwa hiyo akakalia kiti cha kinyozi ili aandike ujumbe mfupi kwa mwalimu wa mtoto wake. Alipofungua mtandao tu, skrini ikajaa nepi za watu wazima. Chini yake fimbo za kutembelea. Chini yake mganga fulani mwenye suti, akiuliza kwa maandishi mekundu: Je, mzee wako ameshindwa kujimudu?

Alisonya. Hapo ndipo kazi ilipompanda kichwani. Aliingia kwenye mipangilio, upande wa faragha, akaanza kushuka nao. Matangazo yanayomfuata mtu kulingana na anachotafuta: akazima. Mahali kompyuta ilipo: akazima. Kipaza sauti kusikiliza muda wote: akazima, tena akashangaa kiliwashwa kwa ajili ya nani katika nyumba ya mtu asiyesema. Historia ya kurasa: akafuta. Kila swichi aliyoigusa iligeuka kutoka buluu kuwa kijivu, na kila iliyogeuka ilimpa raha, kama anayefunga madirisha ya nyumba kabla ya mvua.

Mama akapita na beseni la nguo. "Unafanya nini humo?"

"Namfungia milango, Mama. Hii kompyuta inamjua Baba kuliko sisi."

"Basi afadhali kuna anayemjua," Mama alisema, akaendelea na safari yake.

Na kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Yote aliyoyazima mpaka wakati ule yalistahili kuzimwa. Lakini alikumbuka ujumbe wa mwalimu, akafungua ukurasa wa kuandikia, ule ule wa baba yake, akaandika neno la kwanza: *Mwanangu*. Alitaka kusema mwanangu hatakuja shule kesho, ana miadi ya meno.

Kikasha cha katikati kikampa neno la pili. *mkali*.

Alilitazama. Alikuwa na mtoto wa kiume mpole kama pamba, kwa hiyo neno halikuwa lake. Lilikuwa la aliyezoea kukaa pale. Na aliyezoea kukaa pale alikuwa na mtoto mmoja tu duniani.

Alisogeza kishale akalichagua, ili aone. Vikasha vikabadilika. *usimwambie*. Akachagua na hilo. Mstari ukasomeka: *Mwanangu mkali usimwambie*.

Alijiona anasemwa. Aliwaona, baba yake kitini na Kimya pembeni na mama yake mlangoni, wakipunguza sauti wasizokuwa nazo kila anapokaribia kufika, wakifichana mambo kama watoto wanaomwogopa mwalimu. Ndiyo kusema kile kicheko cha jana kilikuwa cha kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Machozi yalimlenga, akayakatalia, na alipoyakatalia yaligeuka kuwa hasira ya kimya kimya, ile inayojifanya ni utaratibu.

Akarudi kwenye mipangilio. Palikuwa na kipengele cha mwisho alichokuwa amekiruka: ubinafsishaji wa uandishi. *Programu hii imejifunza maneno yako na namna unavyoyaandika. Je, unataka kufuta ilichojifunza? Hatua hii haiwezi kutenduliwa.*

Alijua. Hili tusimfunikie. Hakujua yote, kwamba kila *q* iliyopotea njia ilikuwa humo na kwamba kasi yote ya mzee ilikaa humo, lakini nusu alijua, na nusu ile ilitosha kumzuia mtu yeyote ambaye hajaumizwa. Alijiambia ni usalama. Alijiambia maneno ya mgonjwa hayapaswi kukaa hovyo kwenye mashine ambayo kila mgeni anaweza kuikalia. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ikamfaa sana. Akabonyeza *Futa*. Mashine ikafikiri kidogo, ikamwandikia: *Imekamilika*.

Alasiri Kimya alikuja na mfuko wake wa zana, kama alivyofanya kila Jumapili, kumnyoa mwenzake. Mama alikanyaga mkanyagio, Kimya akamfunga Wembe kitambaa shingoni, akampaka povu, na mkono wa kushoto ukaachwa nje ya kitambaa kwa ajili ya kusema. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao. Wembe aliandika kashfa, Kimya alisoma kwa sauti yake kavu isiyopanda wala kushuka, na sauti ile ndiyo iliyozifanya kashfa ziwe tamu.

"Haya, anza kunitukana," Kimya alisema. "Nimefika."

Kidole kikaenda. Nywila alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe mkononi. Aliona *mh* ikiandikwa, akaona kikasha kinatoa *mhudumu*, *mhusika*, *mhariri*. Kidole, ambacho siku nyingi hakikuwa na haja ya kutazama, kilishachagua. Kikaenda tena: *nq*. Mashine haikujua *nq* ni nini, ikaiacha hivyo hivyo.

Kimya alisoma kilichoandikwa. "Mhudumu nku." Akangoja. "Mhudumu nku ndiyo nini, ndugu yangu? Hiyo imenipita."

Wembe akafuta. Akaandika tena, polepole, safari hii akitazama. Ikatoka mbaya kuliko ya kwanza. Akafuta. Kisha alifanya jambo ambalo Nywila atalikumbuka mpaka anaingia kaburini. Hakuitazama skrini. Aliutazama mkono. Aliuinua mbele ya uso wenye povu, akaugeuza kiganja, akaugeuza mgongo, akakunja vidole na kuvikunjua, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua kifaa alichouziwa kibovu. Halafu akajigusa upande mzima wa mdomo, kuona kama na wenyewe umeanza kuanguka.

"Mzee," Mama aliita. "Mzee, nini? Mkono wa kushoto nao?"

"Eh," Wembe alisema, na ile *eh* ilikuwa ndogo.

Binti alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, fupi tu: nimefuta mimi. Lakini Mama alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti, anausugua ule mkono kwa viganja vyake, na Kimya amesimama na wembe hewani, na Nywila aliona kwamba akisema sasa, wote watageuka kumtazama.

"Labda amechoka," alisema.

Wembe aliuingiza mkono ndani ya kitambaa. Kimya akamaliza kumnyoa bila neno, kama enzi zile.

Jioni Nywila aliondoka kurudi kwake, maana kesho ilikuwa kazi. Mzee hakumwandikia kwaheri. Alimtikisia kichwa kutoka kitandani, na mkono wa kushoto ulikuwa chini ya shuka.

Wiki ile Mama alipiga simu karibu kila siku. Walikwenda hospitali. Daktari alimpima, akamwambia abane vidole vyake, akammulika macho, akasema haoni kiharusi kipya. Wembe hakumwamini. Kompyuta hakuigusa tena. Akitaka maji aliangalia jagi. Akitaka kulala aliangalia mlango wa chumba. Majirani walikuja, wakakaa, wakajisemea wenyewe, wakaaga mapema. "Amekufa moyo," Mama alisema kwenye simu. "Nilimwambia ajaribu tena, akageukia ukutani. Sijui, mwanangu. Labda ndivyo inavyokwenda, inachukua kidogo kidogo." Na Nywila, kila mara, alikuwa na sentensi ile ile fupi mdomoni, na kila mara alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kama dawa zimebaki. Ofisini alisimama mbele ya watu akawafundisha kwamba ukikosea, ripoti mara moja, usifiche, kosa la dakika moja linaponyeka lakini la wiki limeshaota mizizi. Alisema hivyo bila kutazama karatasi, kwa kuwa alikuwa amesema mara nyingi.

Jumamosi akarudi. Mama alikuwa jikoni anamenya vitunguu, mlango umevutwa ili mzee asisikie.

"Mama, kwani mimi ni mkali?"

"Wewe?" Mama alifuta jicho kwa mgongo wa kiganja. "Mkali. Sana. Kwa nini?"

"Ndivyo Baba anavyoniita. Nimeona kwenye kompyuta. Mwanangu mkali, usimwambie. Mnanificha nini?"

Kisu kilisimama. Mama alimtazama bintiye muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimzaa lini.

"Baba yako amenyoa watu miaka yote hiyo," alisema. "Akisema huu wembe mkali, huwa analalamika?"

Nywila alivuta kigoda akaketi.

"Mkali. Hujawahi kumsikia? Fundi mkali. Goli kali. Ulipopata ile kazi aliwaambia wateja mpaka wakaomba radhi: mwanangu mkali, mwanangu mkali, yuko kwenye kompyuta, hakuna mwizi anayempita. Kimya atakwambia. Na kiharusi kilipokuja aliendelea kumwandikia kila anayekanyaga hapa. Ndiyo maneno aliyoyaandika kuliko yote."

"Na usimwambie?"

"Usimwambie ni mimi. Anamwambia Kimya, usimwambie mke wangu nimeonja sigara. Na Kimya anasoma kwa sauti, mimi nimesimama hapo hapo. Ni mchezo wao. Kila Jumapili." Mama aliweka kisu chini. "Nani kakwambia hayo ni sentensi moja?"

Hakuna aliyemwambia. Mashine ilichukua neno la hapa na neno la pale, yanayofuatana mara kwa mara, ikayapanga. Haikuwa na nia wala siri. Yeye, mwenye kazi ya kuwafundisha wengine wasiamini kila wanachokiona kwenye skrini, alikuwa amesoma sentensi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika, akaiamini, akamkata baba yake ulimi mara ya pili.

"Mama," alisema, "nimeyafuta. Jumapili ile. Maneno yake yote. Mkono wake hauna ugonjwa."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alisema tu, "Na wiki nzima umeniacha namfariji kwa msiba usiokuwepo," akachukua kisu, akarudi kwenye vitunguu. "Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi sikusaidii kwa hilo."

Wembe alikuwa amekaa kitandani, ameelekea dirisha. Binti alipiga magoti ili uso wake uwe chini ya uso wa baba yake. Alieleza yote. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi kwenye nepi na yule mganga wa suti, akajaribu kueleza vikasha na jinsi vinavyokariri, na alipofika kwenye *mkali* sauti ikakatika ikabidi aiseme mara mbili. Alisema aliumia, ndipo akafuta. Hakusema tena kuhusu usalama.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa mkono wa kushoto chini ya shuka na kuelekeza sebuleni.

Mama akaja, wakamkalisha kitini. Binti ndiye aliyekanyaga mkanyagio, naye hakuwa na mazoea, kiti kikapanda kwa mishtuko. Kidole kilikaa juu ya vitufe kama kinachoogopa kuungua. Halafu kikaanza. Herufi moja, pumzi, herufi nyingine. Kikakosea, kikafuta. Nje jirani alianza kufagia uwanja, akamaliza, na kidole bado kinaandika. Nywila alisimama pale akingoja hukumu yake, na ilipokamilika aliisoma kwa sauti, kwa sababu katika nyumba ile kilichoandikwa lazima kisomwe.

"Kumbe si mimi."

Wembe alipumua. Alikuwa amekaa wiki nzima akijizika, na sasa alilia kwa jicho moja, lile la upande unaoweza. Hakuandika lingine siku hiyo. Binti angeona heri kama angemtukana.

Usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi alijaribu kulipa. Kimya alipokuja mapema kuliko kawaida, binti alimkalisha pembeni, akamwomba amtajie maneno ya Wembe, yote anayoyakumbuka, naye akayaandika kwenye kompyuta mara nyingi nyingi ili mashine iyajue upya. Kimya, ambaye hajawahi kusema maneno mengi kwa mfululizo, alisema mpaka akakauka koo: waheshimiwa, viapo, hata jina la yule daktari; lile la mwanangu mkali tu ndilo hakulitaja mbele ya binti. Vikasha vikaanza kuyatoa. Nywila alipata tumaini. Kisha wakamweka mzee kitini, akaandika *nq*, na mashine ikaiacha hivyo hivyo, *nq*. Ilikuwa imejifunza kidole cha binti, kidole chepesi, kisichopotea njia. Njia alizopotea Wembe alizijua Wembe peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumpotelea badala yake.

"Basi atarudia mwenyewe," Kimya alisema. "Ilimchukua mwaka na zaidi. Itamchukua tena."

"Ana huo mwaka?" Nywila aliuliza kwa sauti ya chini.

Kimya alifungua mfuko wake, akamfunga mzee kitambaa, akamkorogea povu. Mkono wa kushoto uliachwa nje. Safari hii Kimya hakungoja sentensi. Alisoma herufi zilivyoanguka, moja moja, kwa sauti yake kavu, huku akimnyoa shavu.

"M. W. A. Hapo umekosea, futa. N. A. Tena N. G. U." Akasimamisha wembe. "Mwanangu."

Nywila alikuwa mlangoni. Mama alikuja akasimama nyuma yake, bado hajamsemesha vizuri tangu jana.

Juu ya mstari, kikasha cha katikati kilitoa neno lake, lile ambalo kila kompyuta mpya huwa nalo.

"Inasema mpendwa," Kimya alisoma. "Mwanangu mpendwa. Gusa mara moja tu, umemaliza."

Kidole kilisogea. Kilielea karibu na lile neno, ambalo lingekuwa rahisi, na ambalo Nywila, Mungu anajua, alilitamani kuliko kitu chochote alichowahi kukitamani. Kisha kikalipita. Kikarudi chini kwenye herufi.

"M," Kimya alisoma. "K. Q. Hiyo si yenyewe, futa. A. L. I."

Binti alitaka kuuliza: mkali yupi, Baba? Wa wembe au wa sigara zilizokatwakatwa? Hakuuliza, kwa kuwa alijua sasa kwamba yote mawili yangekuwa haki yake. Vikasha vilikuwa vimebadilika, vinangoja kupewa neno la tatu. Wembe hakuvitazama. Alitafuta kitufe cha nukta, akakikosa, akakitafuta tena, akakipata.

"Nukta," Kimya alisoma, akaendelea kunyoa.